Tumbo limepunguzwa, mbona bado anahesabu wali?

"Si amekatwa tumbo huyu? Sasa mbona bado anahesabu wali?" Popote waliko watu wa kwetu, Ruwi, Seeb, Dubai au Kuwait, swali hili utalisikia. Huuliza mama, huuliza shangazi, huuliza wifi, na mara nyingine huuliza mume mwenyewe. Nao huuliza kwa mapenzi, sahani imeshasogezwa mbele ya binti na mwiko wa pili wa biriani uko juu unangoja kumwagwa. Binti kwa haya ama hula asichokiweza, ama hunyanyuka akasingizia simu inalia.

Makala hii imekusudiwa nyumba ya namna hiyo, yaani nyumba yenye binti au mke mwenye maradhi ya ovari yanayojulikana kwa herufi PCOS, ambaye ameshafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na sasa hajui wanga aufanye nini. Aukimbie? Aule kidogo? Aule kama zamani maadamu tumbo ni dogo? Jibu lipo, na si gumu, ila linahitaji nyumba nzima ilielewe, kwa sababu chakula chetu hatukili peke yetu.

Nikisema wanga nakusudia vyakula vyote vinavyogeuka sukari mwilini: wali, mkate, chapati, maandazi, tambi, mihogo, mbatata, ndizi, tende, asali, sukari yenyewe, juisi, na hata sukari iliyomo ndani ya maziwa.

Maradhi yenyewe ni yapi

Madaktari wa huku Ghuba huyaita takayyus, na jina hilo limewatisha wengi wakadhani binti ana uvimbe tumboni. Sivyo. Vile vijifuko vinavyoonekana kwenye ultrasaundi ni vijifuko vya mayai ambayo hayakukomaa yakatoka kwa wakati wake. Tangu mwaka 2003 madaktari wamekubaliana kutafuta mambo matatu: hedhi isiyo na mpangilio au isiyokuja, dalili za homoni za kiume kuzidi (ndevu kidevuni, chunusi, nywele kupungua utosini), na ovari zenye vijifuko vingi. Mwanamke mzima akiwa na mawili kati ya hayo matatu, na maradhi mengine yakishaondolewa shaka, basi ana PCOS. Shirika la Afya Duniani linasema takriban mwanamke mmoja kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa anayo, na kwamba hadi asilimia 70 ya wenye nayo hawajui.

Sasa, wanga unaingiaje hapa? Tukila wanga, sukari huingia kwenye damu, na kongosho hutoa homoni ya insulini ili kuifungulia sukari hiyo milango ya kuingia kwenye misuli na viungo vingine. Kwa wanawake wengi wenye PCOS, milango hiyo ni migumu kufunguka. Hali hii huitwa usugu wa insulini. Kongosho, ikiona mlango haufunguki, huzidisha insulini. Na insulini iliyozidi haikai bure. Inakwenda kuzichochea ovari zitengeneze testosteroni nyingi zaidi, na inaliambia ini lipunguze ile protini inayoishika testosteroni kwenye damu. Hapo ndipo hedhi inapopotea, ndevu zinapoota, na uzito unapokataa kushuka hata binti akijinyima.

Kwa hiyo, akina mama wenzangu, tuache ile kauli ya "mvivu tu huyu, hataki kujizuia". Binti amekuwa akishindana na mwili unaomvuta upande wa pili.

Upasuaji unafanya nini, na nini haufanyi

Hapa kwetu Ghuba operesheni mbili ndizo zinazosikika sana. Ya kwanza ni takmim, ambapo daktari huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba kama mkono wa kanzu. Ya pili ni ile ya kubadilisha njia, tahwil masar, ambapo hutengenezwa kifuko kidogo sana juu kabisa, nacho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikapita mkato.

Faida zake kwa mwenye PCOS si ndogo. Usugu wa insulini huanza kupungua mapema, na wengi hedhi zao hurudi ndani ya miezi. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha majaribio yaliyofanywa Uingereza kwa wanawake 80 wenye PCOS na unene uliozidi. Nusu walifanyiwa upasuaji, nusu wakapewa matibabu ya kawaida ya dawa na ushauri. Kwa muda wa mwaka mmoja, waliofanyiwa upasuaji mayai yao yalikomaa na kutoka mara 2.5 zaidi ya wenzao.

Habari njema hiyo. Lakini sikilizeni neno la pili. Operesheni imepunguza mfuko, haikuing'oa PCOS. Maelekeo ya mwili kuzalisha insulini nyingi yamelala tu. Uzito ukirudi, nayo huamka, na hedhi hupotea tena. Jambo jingine, njia ya chakula imebadilika, na wanga mwepisi unaoingia kwa kasi sasa unaweza kumdhuru kwa namna ambayo zamani hakuijua kabisa.

Ndiyo maana binti anahesabu wali. Hesabu hiyo ni sehemu ya tiba yake. Mtu akiwekewa miwani, hatumwambii "mbona bado unaivaa?"

Hesabu ya sahani ya kwetu

Nimesomesha skuli miaka mingi, na najua hesabu huwatia watu usingizi. Lakini hii ni fupi, na inafaa kubandikwa mlangoni mwa friji. Tunahesabu gramu za wanga, na tarakimu zote ni za kukadiria, kwani mkono wa mpishi haufanani na wa mwenzake:

Wali mweupe uliopikwa, kikombe kimoja: gramu 45.
Chapati moja ya wastani: gramu 30.
Kipande kimoja cha mkate wa dukani: gramu 15.
Muhogo wa kuchemsha, gramu 100: gramu 38.
Dengu au choroko zilizopikwa, nusu kikombe: gramu 20, lakini ndani yake mna protini na nyuzinyuzi nyingi.
Maziwa au laban isiyotiwa sukari, gilasi moja: gramu 12.
Tende ndogo moja: gramu 6. Tende kubwa ya Medjool: gramu 18.
Juisi ya machungwa, kikombe kimoja: gramu 26.
Sukari, kijiko kimoja cha chai: gramu 4.
Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, kijiko kimoja cha mezani: gramu 11.
Samaki, kuku, nyama, pweza, mayai: karibu na sufuri.

Tazameni tende. Tatu ndogo ni gramu 18, tatu za Medjool ni 54. Zote tunaziita "tende tatu", kumbe moja ni kionjo na nyingine ni zaidi ya kikombe cha wali.

Na kiasi gani kwa siku? Mtu mzima wa kawaida hushauriwa kupata angalau gramu 130 za wanga kwa siku. Aliyefanyiwa upasuaji, katika miezi ya mwanzo, hula chini sana ya hapo, kwa sababu hakuna nafasi tumboni na protini lazima itangulie. Baadaye kiwango hupanda polepole, na mtaalamu wa lishe ndiye anayempangia kila mmoja chake kwa kutazama uzito, dawa, na vipimo vya damu. Miongozo ya kimataifa ya PCOS ya mwaka 2023 inasema wazi kwamba hakuna mlo mmoja uliothibitika kuushinda mwingine kwa maradhi haya. Mlo ulio bora ni ule wenye afya ambao binti ataweza kuendelea nao mwaka wa tano, si ule wa wiki mbili.

Nani atangulie kinywani

Kama makala hii ina sentensi moja ya kukumbukwa ni hii: protini kwanza, mboga pili, wanga mwisho.

Aliyefanyiwa upasuaji hutakiwa kupata protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, au zaidi kama daktari wake atakavyosema. Tumbo lake likiwa na nafasi ya vijiko vichache, akianza na wali, wali utajaza na samaki atabaki sahanini. Akifanya hivyo mchana na usiku, baada ya miezi misuli inalegea, nywele zinanyonyoka, na njaa inamrudia baada ya saa moja. Kwa mwenye PCOS kuna faida ya ziada. Utafiti kwa watu wenye kisukari umeonyesha kwamba mtu akila protini na mboga kwanza, kisha wanga, sukari ya damu baada ya chakula hupanda kidogo zaidi kuliko akila kinyume, ingawa chakula ni kile kile. Na sukari isipopanda sana, insulini nayo haifurikii ovari.

Chukua mfano wa binti wa miaka 28, amemaliza mwaka tangu takmim, anafanya kazi ofisini. Siku yake inaweza kuwa hivi. Asubuhi, mayai mawili na nusu kipande cha mkate wa ngano isiyokobolewa. Saa nne na nusu, gilasi ya laban isiyo na sukari. Mchana, samaki wa kuchoma au wa kupaka kiasi cha gramu 90, kachumbari au mchicha, kisha robo kikombe cha wali. Alasiri, choroko nusu kikombe. Usiku, kuku kiasi hicho hicho, bamia au bilingani, na nusu chapati. Kati ya hayo, tunda dogo moja. Ukijumlisha, amepata protini ya gramu 70 hivi, na wanga baina ya gramu 75 na 90. Hajalala njaa, hajakosa wali, na hakuna chakula hata kimoja ambacho bibi yake angeshindwa kukipika.

Mchele mmoja mapishi mbalimbali, na hapa methali imesema kweli tupu. Mbaazi za nazi na samaki hukaa tumboni na kushibisha, wakati tambi za sukari zenye wanga ule ule humwacha anatetemeka. Boko boko, kwa kuwa ngano yake imepikwa pamoja na nyama na ni laini, wengi huiweza kuliko biriani, mradi nyama isiwe ya kunusia tu na sukari isinyunyizwe juu. Wali mkavu na mkate laini huwakwama wengi kooni, hasa miezi ya mwanzo. Akisema "umenikwama", haringi. Atafune taratibu, aweke kijiko chini, asiharakishwe.

Na maji? Ayanywe mbali na chakula. Wengi huambiwa wangoje angalau nusu saa baada ya kula. Ile desturi yetu ya kusukumia tonge kwa gilasi ya shurubati, kwake imekwisha.

Jasho na mtetemeko baada ya kula

Hapa naomba umakini, maana ndipo penye hatari, na ndipo watu wanapodhani binti kapigwa jicho.

Sukari na wanga mwepesi vikiingia kwa kasi kwenye utumbo mwembamba, mwili hushtuka. Zipo namna mbili. Ya kwanza huja mapema, dakika 10 hadi 30 baada ya kula, au ndani ya saa moja: tumbo linakata, moyo unakwenda mbio, jasho, kichefuchefu, kuharisha, hamu ya kulala chini. Ya pili huja baadaye, saa 1 hadi 3 baada ya chakula. Sukari ilipanda ghafla, kongosho ikamwaga insulini nyingi, na sasa sukari ya damu imeshuka kupita kiasi. Binti anatetemeka, anatoka jasho baridi, anachanganyikiwa, macho yanafifia, anaweza hata kuzimia. Hutokea zaidi kwa waliobadilishwa njia ya chakula, lakini wa takmim nao hawakusalimika, na mara nyingi huanza mwaka mmoja au zaidi baada ya operesheni, wakati kila mtu ameshasahau.

Sasa tazama mtego ulivyo. Akishatetemeka, mtu wa karibu humpa soda au halwa. Anapata nafuu. Baada ya saa mbili insulini inamwagika tena, anatetemeka tena, anapewa halwa tena. Siku nzima inapita hivyo, na uzito unapanda.

Afanye nini? Kama ana kifaa cha kupima sukari, apime kwanza. Ikiwa imeshuka, achukue sukari ya haraka kidogo tu, kama nusu kikombe cha juisi, kisha akishatulia ale kitu chenye protini, mfano yai, jibini au mtindi mzito, ili sukari isizame tena. Asiendeshe gari katika hali hiyo. Akizimia au akishindwa kumeza, msimtie kitu mdomoni, ni gari la wagonjwa. Na hata kama imetokea mara moja tu ikapita, amweleze daktari, kwani zipo dawa za kusaidia.

Kinga yake ni chakula chenyewe. Wenye tatizo hili mara nyingi hushauriwa wanga usizidi gramu 30 kwa mlo na gramu 15 kwa kitafunio, usiliwe peke yake, na usinywewe. Juisi, soda na chai tamu ndivyo vinavyokimbia kuliko vyote, kwa sababu havihitaji kutafunwa wala havizuiliwi na mfuko mdogo.

Wanaoukimbia wanga kabisa

Baada ya kusikia haya wapo mabinti watakaosema, "Basi nauacha wanga wote." Tena mitandaoni wamejaa wa kuwatia moyo. Wiki ya kwanza uzito unashuka, na sifa zinamiminika.

Lakini tuulizane: aliyeacha dengu, kunde, matunda na nafaka nzima, nyuzinyuzi atazipata wapi? Choo kinafunga. Anachoka. Anaanza kuiogopa karamu ya ndugu zake. Kisha siku moja anajifungia chumbani na boksi la kaimati, na baada yake ni kilio. Hali hii ya kula kwa kukosa breki ni ya kawaida kwa wenye PCOS kuliko kwa wanawake wengine, kama zilivyo huzuni na wasiwasi. Kujinyima kupita kiasi kunaichochea. Binti anayekula kwa kujificha anahitaji mtu wa kuzungumza naye na mtaalamu wa kumsaidia. Masimango hayatamfaa kitu.

Haba na haba

Upande wa pili wapo wanaoangushwa na vitu vidogo. Hali mlo mkubwa, maana hauingii. Ila kashata moja hapa, sambusa nusu pale, biskuti garini, na karak. Ah, karak! Kikombe chenye kijiko cha mezani cha maziwa mazito na vijiko viwili vya sukari kina wanga wa gramu 19. Vinne kwa siku ni gramu 76, yaani zaidi ya kikombe kimoja na nusu cha wali, na binti ataapa kwamba leo hakula kitu. Hakusema uongo, kwa kuwa hakula, amekunywa.

Haba na haba hujaza kibaba, na mara nyingi uzito hurudi kwa njia hii baada ya mwaka wa pili. Mfuko mdogo humzuia mtu kula sahani kubwa kwa mara moja, haumzuii kudokoa siku nzima. Dawa yake ni kuwa na nyakati za kula zinazojulikana, na baina yake ni maji, kahawa chungu au chai isiyo na sukari. Tena chai na kahawa zisiandamane na chakula wala vidonge vya madini ya chuma, kwani huzuia chuma kuingia mwilini.

Ramadhani, harusi na wageni

Mwezi wa Ramadhani huleta maswali mengi. Kufunga au kutofunga ni jambo la kuulizwa daktari kabla mwezi haujaandama, hasa kwa aliye katika mwaka wa kwanza au anayeshukwa na sukari. Maji hayatoshi ndani ya saa chache, na protini gramu 60 hazitoshei baina ya futari na daku kwa kila mtu. Mgonjwa amepewa ruhusa, na asionekane amepungukiwa imani kwa kuitumia.

Akiruhusiwa kufunga, afungue kwa tende ndogo moja na maji kwa funda ndogondogo. Apumzike, aswali, kisha arudi kwenye supu yenye nyama, samaki au mayai. Viazi vitamu, mihogo ya nazi na vitumbua vije mwisho, kijiko kijiko. Daku asiikose, na iwe na protini.

Harusini na kwenye mialiko, mwenye nyumba anaweza kumfanyia hisani kubwa kwa jambo dogo: sahani ndogo, bila maelezo. Asimtangaze mbele ya watu, "Huyu kakatwa tumbo." Wengi hawapendi ijulikane, na ni haki yao. Halwa akichukua kidole kimoja baada ya kula nyama, inatosha. Asiye na hamu asilazimishwe, wala mgeni asichukulie kuwa kadharauliwa.

Nywele, vidonge na mimba

Nywele kunyonyoka kunako mwezi wa tatu hadi wa sita baada ya operesheni ni jambo la kawaida, husababishwa na uzito kushuka haraka, na mara nyingi huota tena. Kukizidi hapo, au kukiwa utosini tu, apimwe: huenda ni upungufu wa protini au chuma, au ni PCOS yenyewe. Mafuta ya nazi ni mazuri, ila hayajazi pengo la protini.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D na vingine atakavyoandikiwa. Chuma na kalsiamu viachane kwa saa mbili. Anayetumia metformini kwa ajili ya PCOS ajue kwamba nayo hupunguza B12, kwa hiyo vipimo visikosekane, na asiiache wala asiiendeleze bila daktari kujua operesheni aliyofanyiwa. Anayetapika siku nyingi mfululizo aende hospitali haraka, kwa sababu upungufu wa vitamini B1 huweza kuudhuru ubongo na neva.

Sasa jambo ambalo mama wakwe hulingojea. Aliyekaa miaka bila kushika mimba anaweza kuishika ghafla, miezi michache tu baada ya uzito kuanza kushuka. Furaha, lakini madaktari hushauri mimba ingoje miezi 12 hadi 18, mpaka uzito utulie na mwili ujaze akiba yake, mtoto asije akakosa. Kwa muda huo mume na mke wazungumze na daktari kuhusu uzazi wa mpango, kwani vidonge vya kumeza huenda visitegemeke kwa aliyebadilishwa njia ya chakula. Na akishika mimba, akumbuke kumwambia mkunga kuhusu upasuaji wake. Kile kipimo cha kisukari cha mimba cha kunywa maji ya sukari kinaweza kumwangusha. Ipo njia nyingine, ya kupima sukari kwa tone la damu nyumbani kwa siku kadhaa.

Kazi ya nyumba nzima

Daktari wa upasuaji hukaa na binti saa moja au mbili, tena binti mwenyewe akiwa usingizini. Sisi tunakaa naye milo mitatu kwa siku. Kwa hiyo nusu ya matokeo ya operesheni iko jikoni kwetu.

Tuanze na haya machache. Samaki au kuku awekwe mezani kabla ya sinia la wali. Pawepo mboga kila siku, si Ijumaa peke yake. Karak itengenezwe kwa maziwa ya kawaida, na kila mtu ajitilie sukari yake. Swali la "Mbona huli?" libadilishwe liwe "Umeshapata protini yako?" Na mizani ya chumbani isiwe habari ya majlisi.

Tulilelewa kuamini kwamba mapenzi hupimwa kwa pakacha, na kwamba aliyebakisha chakula hakupenda mkono wa mpishi. Mila nzuri, imewalisha wengi wakati wa shida. Lakini binti huyu mkono wetu anaupenda, na akibakisha wali ni kwa kuwa anataka kubaki na afya aliyoipata kwa kisu na kwa machozi. Tumpakulie robo kikombe, samaki juu yake, tukae naye tule pamoja taratibu. Kitakachobaki kwenye sufuria wapo wa kukimaliza.